Boti ndogo niliyonunua Eldoret ili Baba azunguke ziwa la kwao kabla macho hayajaisha

Wakuu wote humu ndani, nawasalimu.

Wiki hii vijana wanauliza sana boti gani ndogo ya bei nafuu inafaa kuzunguka ziwani weekend, Naivasha ama Baringo. Naona mnajibiwa na watu ambao boti wameiona kwa YouTube.

Mimi nilinunua. Nilinunua nikiwa Eldoret, miaka ya hamsini, mzungu akiwa bado ndiye serikali. Sitatia chumvi hata kidogo. Umri wangu msiulize, jueni tu naandika kwa kidole kimoja.

Mwenye haraka apite.

Wakati huo nilikuwa karani kwa duka la Mhindi, tukiuza spea za trekta na lori. Baba alikuwa mpishi kwa shamba la mzungu upande wa Plateau.

Kwetu kabisa ni Bunyala, pale Mto Nzoia unaingia Ziwa Victoria. Lakini mimi nilizaliwa huku juu kwa baridi, katikati ya ngano. Bunyala nilikuwa naenda kwa matanga tu. Nafika na lori, tunazika, narudi kazini.

Sasa macho ya Baba yakaanza kwisha. Sisi tukisema ni moshi wa jikoni ya mzungu. Daktari wa misheni akamulika ndani ya jicho, akamweleza taratibu kwamba huo ni ugonjwa wa ndani, dawa ya kurudisha hakuna, ajipange kuishi bila kuona.

Baba akasema asante daktari, akavaa kofia yake.

Njiani akaniambia jambo moja. Kabla giza lije anataka kuzunguka ziwa la kwao kwa boti, polepole, bila kazi yoyote, mimi na yeye. Hakurudia tena. Baba hakuwa mtu wa kuomba, kwa hivyo nilijua hilo ni kubwa.

Mtauliza si angepanda tu mtumbwi wa ndugu yake. Magoti yake yalikuwa mabaya wakuu, na mtumbwi ule unakaa umejikunja kama panzi. Mimi nayo kasia sikujua kupiga. Na tuseme ukweli, nilikuwa kijana wa mshahara. Nilitaka Bunyala waone nimekuja na kitu inanguruma.

Location yote, mtaa wetu wa Waafrika, ilinicheka. Boti Eldoret! Walikuwa wananiuliza kama nitaiendesha kwa mto Sosiani, na Sosiani wakati wa kiangazi hata bata anatembea.

Rafiki yangu mmoja tu ndiye hakucheka. Kiprono, fundi wa matrekta, mtu wa Cheptiret. Ziwa hakuwa amewahi kuliona na macho, lakini ukimtajia injini anaacha chakula.

Tukaanza kutafuta. Tuliangalia boti tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya settler wa Moiben aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Nyekundu, nyembamba, mbele imechongoka, injini nyuma kubwa ajabu. Kiprono aliizunguka akiguna kama mtu ameona ng'ombe wa maonyesho. Mimi nikaingia ndani, nikasimama, ikayumba, na ilikuwa juu ya trela, hata maji hakuna. Nikamfikiria mzee na magoti yake. Hapana.

Vijana, hii muiandike. Boti ya mbio ni ya mbio. Inakunywa petroli, na ukipunguza mwendo ndipo inaanza kuyumba. Mtu wa kuzunguka polepole hiyo si yake.

Ya pili ilikuwa ya Kaburu mmoja karibu na Sergoit, fundi wa magari ya ng'ombe. Alikuwa ameiunda mwenyewe kwa mbao, na alijua gari la ng'ombe, basi akaunda gari la ng'ombe lisilo na magurudumu. Nzito mno. Tena ilikuwa imekaa ghalani miaka mingi, na ukichungulia ndani unaona jua katikati ya mbao. Alituambia ikilala majini mbao zitafura zijifunge zenyewe. Inawezekana. Mimi sikuwa na muda wa kungoja mbao.

Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wa shule ya wazungu pale mjini. Ya plywood, fupi, pana, chini flat kabisa, ukingo uko chini. Injini ndogo ya kufunga nyuma. Sura haina, rangi imebambuka. Watu wote walikuwa wanaipita.

Siku hiyo nilienda na Baba. Tuliishusha kwa nyasi, nikaweka ndani kiti cha jikoni, nikamwambia aingie. Akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akakaa. Hakushikwa mkono na mtu. Akapapasa ukingo wa kulia, akapapasa wa kushoto, akasema, "Hii."

Nilinunua hiyo, na bei yake sikukopa kwa mtu.

(Kuna mkuu atauliza injini ilikuwa ya nguvu ngapi. Ndogo. Mtu mmoja anaibeba kwa bega. Kwa starehe inatosha na inabaki.)

Sasa sikieni kosa letu, na ni kosa la watu wa Eldoret pekee. Mtu wa Kisumu hawezi kulifanya hata akilewa.

Mnajua Eldoret iko juu sana. Hewa ni nyepesi. Gari ikitoka chini na petroli yake ya kawaida, ikifika hapa inasongwa, inatoa moshi mweusi, nguvu hakuna. Kwa hivyo fundi wa huku kazi yake ya kwanza ni kukaza screw ya kabureta, petroli ipungue. Kila trekta, kila lori. Kiprono alikuwa anafanya hivyo bila hata kufikiria, vile wewe unafunga kamba za viatu.

Na mafundi wetu walikuwa na tabia ingine. Madereva walikuwa wanapenda kuchezea hiyo screw wapate mbio, halafu injini ikiharibika fundi ndiye anatukanwa na mwenye shamba. Basi wakimaliza ku-tune, wanatia lehemu juu ya screw. Imefungwa. Hakuna wa kugusa.

Kiprono akafunga injini yangu kwa pipa la maji nyuma ya garage. Akawasha, akasikiliza, akakaza kidogo, akasikiliza tena. Ikalia kama cherehani, moshi hakuna. Tukapeana mikono. Akatia lehemu.

Krismasi nikapata likizo. Tukapakia boti kwa lori ya mfanyabiashara wa samaki iliyokuwa inarudi ziwani tupu, Baba mbele na dereva, mimi nyuma nimekaa ndani ya boti kama bwana harusi. Tuliteremka Turbo, tukapita Mumias, joto linaongezeka. Watu wa njiani walikuwa wanapunga mkono. Nilifurahi sana, siwezi kuwaficha.

Wakati huo Baba alikuwa bado anaona. Kama mtu anayechungulia kwa tundu, lakini anaona.

Asubuhi tukaingia majini. Ndugu yake Baba, baba mdogo Ojiambo, alinipa kasia nibebe. Nikamwambia ya nini na kuna injini, tena inabanana na kiti cha mzee. Nikaiacha kwa mchanga.

Ikawaka mara moja. Tukaenda vizuri mpaka watu wa ufukoni wakawa wadogo. Halafu nikasikia sauti inabadilika, inakuwa nyembamba, kali. Nikashika kifuniko, kikanichoma. Nikajua inataka petroli zaidi. Nikaenda kwa screw, nikakuta lehemu ya Kiprono imekaa hapo safi kabisa.

Nilihangaika na hiyo lehemu kwa kisu cha mfukoni. Baba alikuwa anaongea muda wote huo, anaonyesha huku na kule na fimbo, lakini kwa hizo kelele na hofu yangu sikushika neno. Nilimgeuzia mgongo.

Injini ika-knock. Ilikwama kabisa, hata kamba haivutiki.

Tukabaki hapo tunaelea, kasia iko kwa mchanga. Wavuvi ndio walitufunga kamba wakatukokota. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini, akaita majirani waje waone mtu wa Eldoret. Baba hakucheka na hakulaumu. Alisema tutarudi.

Boti nikaiacha kwa baba mdogo, nikarudi Eldoret na injini kwa gunia. Kiprono akaifungua mezani, akaangalia pistoni vile imechubuka. Halafu akashika kichwa.

"Hewa ya kule ni nzito," akasema. "Nilikaza ya hapa, nikaifungia, ukaenda nayo kule. Ilikuwa inakunywa upepo tu."

Fundi aliumia kuliko mimi. Alikataa kuchukua pesa yangu kwa kazi yoyote kuanzia hapo.

Spea haikuwa Eldoret, haikuwa Nairobi. Ikaagizwa ng'ambo. Wakuu, siku hizi mnaagiza kitu leo, kesho rider anakupigia uko wapi. Wakati wetu ilikuja kwa meli. Mvua ya masika ikanyesha, ikaisha. Mahindi yakapandwa, yakakomaa. Kila barua za duka zikifika nilikuwa wa kwanza kusimama.

Na Baba naye alikuwa anapungua. Kwanza akaacha kumjua mtu mpaka aongee. Halafu akawa anaona tu mwanga wa mlango. Mzungu akampa blanketi na kwaheri, akaja kukaa kwangu. Siku moja nikamkuta amekaa anatazama mlango, na mlango ulikuwa umefungwa. Sikumwambia. Nilitoka nje nikalia.

Spea ilifika macho yakiwa yameisha yote.

Nilitaka kuiuza ile boti. Niliona aibu hata kuitaja nyumbani. Ni yeye aliuliza, tukila, kama pistoni imekuja. Nikasema imekuja. Akauliza sasa tunangoja nini. Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba tumechelewa, Baba.

Akaniuliza, "Kwani boti nayo imekuwa kipofu?"

Tukaenda. Safari hii Kiprono alikuja na sisi na begi ya spana. Alipoona ziwa alisimama mbali na maji, akaniuliza kama ng'ambo ya pili iko, na akakataa kabisa kupanda. Lakini alifunga injini kwa pipa pale pale ufukoni, akaifungulia petroli mpaka ikapumua vizuri. Lehemu hakutia. Kasia nilibeba mbili.

Tulifika katikati. Injini ilikuwa inalia vizuri kabisa, na mimi nilikuwa naisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto mgonjwa.

Baba akasema, "Zima."

Nikazima. Maji yakawa yanagonga plywood tu.

"Unaona nini?"

Nikasema naona maji. Akasema maji hata mimi nayasikia, niambie kuna nini. Nikasema kuna kisiwa. Akauliza kiko upande gani wa jua, kina miti ama ni kipara. Nikamweleza. Akasema hicho ni Sumba, na nyuma yake kwa mbali nitafute kingine kikubwa, hicho ni Mageta. Nikakitafuta, nikakiona.

Akaniuliza matete yanaishia wapi. Nikaonyesha na kidole, nikakumbuka, nikasema na mdomo. Akaniambia hapo ndipo babu yangu alikuwa anaegesha mtumbwi, na juu yake, kwa kile kilima kidogo, ndipo walimzika. Mimi nilikuwa nimepita hapo kila matanga. Sikujua.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia anisamehe, injini isingekwama Krismasi ile angelizunguka ziwa akiliona mwenyewe.

Akatikisa kichwa.

"Mimi hili ziwa nimeliona toka utotoni, kijana yangu. Ni wewe ndiye hujaliona. Nilitaka nikuonyeshe nikiwa bado naweza."

Halafu akasema, "Endelea. Baada ya matete kuna nini?"

Tukaendelea mpaka jua likawa kali, mimi nataja, yeye ananipa majina.

Basi wakuu, faida ni hizi. Chukua boti pana, chini flat, injini ndogo. Mweke ndani mtu mwenye magoti mabaya kabla ya kulipa. Tune kabureta pale pale ziwani, sio Eldoret. Beba kasia hata kama injini ni mpya. Life jacket sisi hatukuwa nazo, hapo msituige.

Na ukifika katikati, zima hiyo injini, mgeukie mwenzako.

Mwenye boti ya namna hiyo anauza aweke picha hapa, wenzake wafaidike. Wengine, kabla ya kunicheka vile Ojiambo alinicheka, andikeni hapo chini majina ya vilima na mito ya kwenu, yale mnayojua bila kugoogle. Ukikwama, na mzee wako bado yuko, mpigie simu sasa, utarudi kumalizia.