Mkono wa Shoto Nyuma ya Shuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa kitu. Bwana Habari, Mzungu mrefu aliyeletwa kutoka Lindi kusimamia gari la sinema, alinisimamisha pale bomani Masasi mbele ya sanduku la chuma, akaniambia kwa Kiswahili chake kile: "Wewe angalia tu. Mashine hii hapana penda mtu ya haraka. Na lenzi hapana shika na kidole ya jasho!" Basi nikaangalia. Wiki nzima naangalia, mikono nyuma, na jioni nikirudi nyumbani Mkomaindo mama ananiuliza, "Hiyo kazi gani ya kutazama?"

Ninyi vijana mna raha. Mnachomeka waya mmoja, picha hiyo ukutani. Juzi nilialikwa harusini hapa mjini, kijana wa projekta akahangaika na waya wake mpaka pilau ikapoa, na mimi nikanyamaza, maana yale madude ya sasa siyajui. Yangu niliyajua. Ningepewa leo ningeyafunga nikiwa nimefumba macho.

Kila kijiji tulikuwa tukifika jua lingali juu. Kwanza nguzo mbili na shuka jeupe, tulivute mpaka lisibaki na kunyanzi, kwa sababu upepo wa uwanda wa Makonde hauna adabu. Jenereta, yaani mashine ya umeme, tuliiweka mbali, ng'ambo ya mikorosho, isije ikameza maneno ya spika. Kisha mkanda wa filamu: unaupitisha kwenye magurudumu yenye meno, unauacha ulegee kidogo juu ya dirisha la mwanga na kidogo chini yake. Huko kulegea tulikuita kitanzi. Ukiukaza, mashine inautafuna mkanda wako na watu wanakuzomea. Mwisho globu. Feni iwake kwanza, ndipo globu. Wakati wa kuzima, globu itangulie. Globu yenye moto ukiinyima upepo inakufa, na zilikuwa adimu kama maji ya Newala.

Na maji ya Newala, asiyefika hajui. Watu wako juu, maji yako chini bondeni, na kina mama ndio wanaopanda nayo ule mlima. Safari moja gari letu lilichemka njiani kupita Kitangari. Dereva wetu, Mzee Nassoro, Myao wa Lisekese, alifungua boneti akaanza kulaani barabara, na haki alikuwa nayo, kwani mitikisiko yake ndiyo iliyotuvunjia globu ya akiba. Mama mmoja aliyekuwa akipanda kutoka bondeni alisimama. Akatua debe lake, akachukua kata, akaanza kumimina maji kwenye rejeta yetu, kata baada ya kata.

"Mama, basi, yanatosha," nikamwambia. Niliona aibu.

"Chukueni, wanangu. Na wangu huko aliko huenda kuna mtu anampa maji."

Huyo ndiye Mama Hamisi. Mwanawe aliandikwa manamba, kama vijana wengi wa huku, akaenda Tanga kukata mkonge. Mwanzoni alituma salamu kwa waliorudi, kisha kimya. Waliorudi baadaye walisema hawakumwona. Mjomba wake Hamisi, ambaye kwa mila ya kwao ndiye mwenye kauli juu ya mtoto, alikwisha kata shauri: Ijumaa inayokuja Hamisi asomewe khitima kama marehemu, roho itulie. Mama hataki. Alituambia pale pale barabarani, kata mkononi: "Nitamlilia vipi mtu ambaye sikumwona akifa?"

Jioni ile tulifunga shuka kijijini kwake. Wazee wakapanga watu kama maulidini: wanaume mbele, upande wa mashine, wanawake upande wa pili, nyuma ya shuka. Sikuona tatizo. Shuka ni jepesi, picha inatokeza pande zote mbili. Bwana Habari akakalishwa kwenye kiti karibu yangu, nikawasha.

Mkanda wa mwisho ulikuwa wa mashamba ya mkonge. Wanaume wamejipanga, wanakata majani, wanafunga mafungu. Mmoja akageuka akatazama kamera, akacheka, akarudi kukata. Lo! Ukelele uliotoka nyuma ya shuka ulinifanya nidhani mtu ameumwa na nyoka.

"Hamisi! Hamisi wangu!"

Na upande wa mbele mjomba akainuka: "Ni yeye! Wallahi ni yeye, mwoneni!"

Mkanda ukaisha. Nikazima globu, feni ikiendelea, nikasikia yule mama akilia, lakini si kilio cha furaha.

"Siye," alisema. "Sura ni yake, mkono si wake. Hamisi ni shoto. Huyu anakata kwa kulia."

"Kwa shoto!" wakajibu wanaume.

"Kwa kulia!" wakapiga kelele wanawake. "Tumemwona sote!"

"Ninyi macho mmeyaacha kisimani?" wakauliza wanaume.

"Mnanibembeleza tu," akasema Mama Hamisi. "Jana mlisema kafa, leo mnasema mzima. Mimi nimeona kwa macho yangu."

Ugomvi ukawaka, shuka katikati, na kila upande ukiapa kwa Mungu. Halafu nikakumbuka herufi. Mwanzo wa kila mkanda huwa na maandishi, na siku moja nilipokwenda nyuma ya shuka kukaza kamba niliyaona yamepinduka. Nikamwambia Bwana Habari: kwa wale walio nyuma, kulia ni kushoto.

Nikamwita mama aje mbele aone. Akakataa. "Nikimwona peke yangu mtasema nimeota. Wenzangu hawa nao wamwone."

Bwana Habari alikuwa na sheria yake: mkanda mmoja, mara moja. Kesho yake tulitakiwa bomani Newala mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na globu ni ile ile moja. Akaniuliza, "Kama nakufa?"

"Ikifa, Bwana, Newala hakuna sinema."

Akasikiliza kile kilio. Kisha akasema polepole, "Mimi pia iko na mama. Mbali sana. Geuza mashine."

Tukahamisha kila kitu upande wa wanawake. Mzee Nassoro akaburuta waya wa jenereta, ukafika kwa shida. Nikaurudisha mkanda nyuma kwa mkono, nikaupitisha upya, nikaangalia vitanzi mara mbili. Nikawasha.

Hamisi akageuka, akacheka, akakata. Kwa shoto.

Mama alisogea mpaka akaligusa shuka, na kivuli cha mkono wake kikawa kikubwa juu ya mkonge.

"Amekonda," alisema. "Mwanangu amekonda."

Kisha akanigeukia. "Picha hii imepigwa lini?"

Nilitamani kusema jana. "Sijui, mama. Huenda ni zamani."

"Hata mimi sijui," akasema. "Lakini nimemwona."

Ijumaa ile khitima haikusomwa. Globu nayo ilikata roho Newala, katikati ya onyesho, Bwana Shauri amekaa kitini, na Bwana Habari akamwambia kavu kavu kuwa globu ilikuwa mzee.

Baadaye nilihamishiwa Tunduru, kisha Songea. Bendera ikabadilika, gari likachakaa, nikastaafu. Sasa nakaa hapa Mkomaindo, na jua likizama bado masikio yangu yanatafuta ile jenereta. Natamani hata harufu ya mkanda ukipata moto. Natamani zaidi ule ukimya wa watu kabla ya picha.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu, mtu alipiga hodi, mvi tupu. Akaninyooshea mkono wa kushoto, akashtuka, akanipa wa kulia. Nikamjua kabla hajataja jina. Alikuwa ameacha mkonge akaenda Mombasa, akaona aibu kurudi mikono mitupu, na aliporudi alikuta kaburi la mama yake.

"Nasikia aliniona," akasema.

"Alikuona."

"Alisema nini?"

"Alisema umekonda."

Akacheka, na kicheko hakikufika mbali. Akajifuta macho. "Ndugu yangu, umezunguka na mashine ya picha miaka yote. Huna japo moja ya mama? Sura yake inaanza kunitoka."

Iliniuma. Niliwaonyesha watu wa huku dunia nzima, na wao hakuna aliyewapiga picha. "Sina," nikamwambia. "Yetu ilikuwa ya kuonyesha tu. Lakini kaa, nikwambie nilivyomwona." Nikamweleza ile barabara, debe, maji yakiingia kwenye rejeta kata baada ya kata.

"Kata aliishika kwa mkono gani?" akaniuliza.

Nikafumba macho nimwone vizuri. "Kwa shoto. Na nilikuwa mbele yake, si nyuma ya shuka."

"Basi ulimwona kweli. Shoto hii nimeirithi kwake," akasema, akavuta kiti karibu. "Anza tena mwanzo."