Kikohozi cha Pikipiki ya Dada

Pale kwenye yadi ya pikipiki walimwita Sikio, na aliyempa jina hilo hakukosea. Fundi mwingine wa pikipiki huanza na spana. Yeye alianza na kifaa cha daktari, kile cha mipira miwili inayoingia masikioni. Alikibandika kwenye injini, akafumba macho, akanyanyua kidole ili watu wanyamaze. Na walinyamaza! Watu wazima, waliokuja na ubishi wao tangu nyumbani, walisimama kimya katikati ya safu za pikipiki zilizotumika, wakisubiri kidole kishuke kama vile wamepeleka mtoto hospitali.

Kifaa hicho alipewa na dada yake. Dada alimzidi miaka kumi na miwili, alimlea baada ya mama yao kufariki, na alimsomesha ufundi kwa mshahara wake wa udaktari wa mifugo. Alikuwa akizunguka na pikipiki nyekundu kutoka zizi hadi zizi, buti zimejaa tope na koti limejaa manyoya. Siku alipopata kifaa kipya kazini, kile cha zamani alimpa mdogo wake.

"Mimi nasikiliza ng'ombe," alimwambia, "wewe sikiliza hayo makopo yako. Yakikohoa, niite."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Neno hilo la kikohozi Sikio akalipeleka kazini kama mzaha, na bosi, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kipotee bure, akalidaka.

Hawakuwahi kukaa chini wakakubaliana. Lilikuja lenyewe tu. Mtu akileta pikipiki kuuza, bosi aliuliza, "Daktari, umesikiaje?" Sikio alitikisa kichwa kwa huzuni: "Ina kikohozi." Mwenye mali akanywea, bei ikashuka. Pikipiki ile ile ikaoshwa, ikavalishwa kiti kipya, ikapakwa mafuta kwenye magurudumu mpaka yakang'aa. Akija mnunuzi, swali likawa lile lile, na jibu likageuka: "Inapumua vizuri. Haijafunguliwa." Yaani injini haijawahi kuguswa na spana ya fundi yeyote tangu itoke kiwandani. Mnunuzi akisikia haijafunguliwa, mkono huenda mfukoni wenyewe.

Watu wakilalamika kwamba pikipiki za yadi hazishuki bei hata zikichakaa, huelezwa sababu nyingi, na nyingi ni za kweli. Mpya hazishikiki. Ya mtaani unaweza kuuziwa ya wizi, wiki ijayo uko kituoni unajieleza. Yadi angalau ina karatasi, ina geti, ina mtu wa kumrudia na matusi yako. Lakini sehemu ya bei ile ilikaa ndani ya masikio mawili ya mtu mmoja, na mtu huyo alijua. Mwanzoni alikuwa akimeza mate kabla ya kusema. Baada ya miaka mitatu hakumeza tena.

Kisha dada yake akateleza kwenye zizi la watu na goti likaumia vibaya. Daktari wa hospitali akamwambia asahau pikipiki, pengine maisha yake yote. Akaona haina maana kuiacha inakula kutu ukumbini. Akamwomba kijana wa jirani aisukume hadi yadini, yeye akifuata na mikongojo yake miwili, ingawa njiani alipita yadi nyingine tatu.

"Nimekuja kwenu kwa sababu upo," alimwambia mdogo wake mbele ya bosi. "Hapa najua sitapunjwa."

Sikio akabandika kifaa. Aliijua injini ile kama anavyoijua sauti ya dada yake. Oili haikuwahi kuchelewa hata wiki moja, na haikuwahi kufunguliwa. Ilikuwa ikidunda taratibu, safi kabisa. Alifumba macho kwa muda mrefu kuliko kawaida, maana alitaka bosi apotee, au simu ilie, au mvua inyeshe. Haikunyesha.

"Daktari, umesikiaje?"

Wiki hiyo bosi alikuwa amemfukuza fundi mmoja kwa kuropoka mbele ya wateja. Ndicho kisingizio alichojipa Sikio baadaye. Lakini ukweli ni kwamba hakufikiria hata hilo. Kichwa kilitikisika chenyewe kwa mazoea.

"Ina kikohozi, dada."

Dada hakubisha. Aliweka kiganja juu ya tangi, pale rangi ilipokuwa imepauka kwa magoti yake. "Jamani," alisema. "Na mimi kila siku naipandisha milima, kumbe inaumwa. Kwa nini hukuniambia mapema, mdogo wangu?" Akapokea kidogo alichopewa, akamshukuru bosi kwa kukubali kuchukua mgonjwa.

Jioni ile Sikio alipanga kwenda kumwambia. Akasema Jumapili. Jumapili akasema goti likipona. Aliona aibu, na kila siku iliyopita ilimwongezea aibu ya jana, mpaka akawa anamkwepa hata kwenye simu.

Pikipiki nyekundu ilikaa miezi minne. Bosi aliitundikia bei iliyokaribia mara mbili ya aliyonunulia, na waliouliza waliondoka wakitikisa vichwa. Siku moja Sikio alijaribu kumsihi aipunguze.

"Nikishusha moja, kesho zote zimeshuka," bosi alimjibu bila hasira. "Niliyemuuzia jana atakuja kunishika shati. Na wenzangu wote wenye yadi za barabara hii watanila nyama. Pikipiki haili, haiombi maji. Acha ikae, bwana."

Jumamosi moja asubuhi akaja mwashi, mtu wa mikono mipana, akaizunguka ile nyekundu mara tatu. Sikio akapiga magoti, akabandika kifaa, akanyanyua kidole. Yadi ikanyamaza.

"Daktari, umesikiaje?"

"Inapumua vizuri. Haijafunguliwa."

"Habari za kazi," ikasema sauti nyuma ya mwashi.

Dada alikuwa amesimama na mkongojo mmoja tu, mwingine keshauacha. Usoni alikuwa bado na furaha aliyoingia nayo getini, na Sikio akaitazama ikiondoka.

"Daktari wa goti amenikubalia," alisema taratibu. "Mwezi ujao napanda tena. Nimepita zile yadi tatu, bei haziingiliki. Nikajiambia, si ile yangu inaumwa? Nani ataichukua? Nitaipata kwa bei ya mgonjwa." Akaitazama pikipiki. "Kumbe imepona."

"Dada..."

"Nipe hicho."

Akampa kifaa. Dada aliinama kwa shida, mguu mbaya ameunyoosha pembeni, akakibandika pale pale. Akafumba macho, na kwa mazoea ya mazizini akanyanyua kidole. Hapo ndipo Sikio alipokumbuka kidole kile alikitoa wapi. Hakuweza kuvumilia tena.

"Haikuwahi kuumwa!" alisema kwa sauti kubwa, wote wakamgeukia. "Siku ile nilidanganya. Ni nzima, haijawahi kufunguliwa, haijawahi kukohoa hata mara moja. Bosi, mrudishie kwa bei uliyonunulia, kilichobaki nikate mimi kwenye mshahara."

Bosi akafungua mdomo, lakini mwashi alimtangulia. Alikuwa amemtazama fundi mwenye machozi, akamtazama yule mama aliyeinama na kifaa masikioni, akaona ushahidi wa namna hiyo hataupata yadi nyingine yoyote.

"Kama ni hivyo mimi naichukua," alisema. "Kwa bei iliyoandikwa. Siombi kupunguziwa."

Wakashikana mikono na bosi hapo hapo. Karatasi ziliandikwa juu ya kiti kipya. Mwashi akamwomba dada samahani, akasema na yeye ana familia, naye dada akamjibu kwa upole kwamba anaelewa, abadilishe oili kwa wakati. Injini ikawaka kwa mpigo wa kwanza. Walisikiliza wote wawili, dada na mdogo wake, mpaka ilipokata kona na sauti ikaisha.

 Sikio alitamani atukanwe. Utotoni, akikosea, dada alimchapa kofi moja la mgongoni kisha akampa chakula, na mambo yakaisha. Akasimama akingoja kofi, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, mwenye watoto.

Dada alivua kifaa masikioni. Akakifuta kwa upindo wa nguo yake, mpira mmoja baada ya mwingine, akakikagua kwenye mwanga, kisha akamrudishia.

"Nilipokuomba hicho kifaa nilikuwa nawaza," alisema. "Nilikusikia unasema inapumua vizuri, nikaona labda yangu siku ile ilisikilizwa vibaya. Nikasema mdogo wangu hana kosa, labda nilimpa kifaa kibovu."

Akaweka mkongojo sawa.

"Kumbe ni kizima."