Mchana Kuku Wangu Walipolala Mbele ya Wakwe

Aibu hii naitoa mwenyewe, maana huku Utange kila anayeisimulia anaitia chumvi yake.

Nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye bohari moja Miritini, asubuhi narudi macho yamevimba, na nikijinyoosha tu kitandani jogoo wangu naye ndiyo anaanza (wallahi, ungedhani kameza spika ya harusi). Nikasema basi, na kuku nao waishi usiku kama mimi! Mchana nikalifunika banda kwa turubai jeusi, usiku taa ikawashwa. Taa peke yake haikufaa kitu, walifumbua jicho wakasinzia tena. Nikamwomba dada yangu Mishi, tuliyekuwa tukiishi naye, kila baada ya isha awamwagie mtama wachakure chini ya taa ile. Mwanga ulipokutana na pilikapilika, mambo yakageuka: jogoo akawa anawika magharibi, mchana kimya, nami nalala kama mfalme.

Sasa, nilikuwa nimepeleka posa Timbwani, kwa kina Saumu. Mjomba wake, Mzee Bakari, akataka kuona ninapoishi, nami nilikuwa nimejisifu kwamba kuku wa harusi watatoka bandani mwangu (hapo nilijichongea). Akaja Jumapili adhuhuri na shangazi yake Saumu, majirani nao wakajisogeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, tuonyeshe hao kuku."

Nikalivuta turubai. Kuku wote wamejikunyata, vichwa ndani ya manyoya, hakuna hata mmoja aliyegutuka. Shangazi akaruka nyuma.

"Yarabi! Kideri hiki! Msiwaguse!"

Majirani wakatimka kwenda kufungia kuku zao. "Si wagonjwa, wamelala tu," nikasema, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo.

Tukaketi barazani, Mishi akaleta maji ya ukwaju, nikaanza kumweleza mzee kwamba kila kiumbe kina saa yake mwilini, kwamba mwanga na kujishughulisha ndivyo huirekebisha, na katikati ya maelezo (nisitiri, ya Rabbi) nikasinzia mimi mwenyewe, gilasi mkononi, ukwaju wote ukamwagikia kanzu yake nyeupe.

Akanigusa bega, taratibu. "Mwanangu, kuku nimekusamehe. Lakini mpwa wangu ataolewa na mtu au na mto?"

Majirani waliobaki walicheka. Mimi sikucheka.

Turubai nililitupa. Mtama nikaumwaga nje asubuhi, wakachakura juani, na baada ya siku chache wakarudi kuwa kuku. Mimi nilichelewa zaidi. Niliomba zamu ya mchana, nikawa kila alfajiri natoka kwa miguu jua linipate nikitembea, na ilipita miezi kabla mzee hajakubali. Saumu tumeoana, alhamdulillahi, na hata leo huniuliza kama niko macho.

Kazi ilininyang'anya mchana wangu, nami badala ya kuudai nikaenda kuwanyang'anya kuku wao. Sirudii.