Upande Utakaovuja

Nimeuza mchele na maharage Tunduma kwa miaka mingi, na sijawahi kumwambia mteja kwamba gunia ninalomuuzia litapasuka njiani. Kwa hiyo daktari aliponigeuzia kioo cha mashine niuone moyo wangu mwenyewe ukipwita, akaweka kidole kwenye weupe uliojaa upande mmoja, akasema valvu mpya atakayoniwekea inaweza kuvuja hapo pembeni, nilimwona mtu wa ajabu sana.

"Itavuja hata hujaiweka?" nikamuuliza.

"Sijasema lazima itavuja, mama. Nasema ikivuja, itavuja hapa."

Nikanuna. Mimi nikinuna hakuna asiyejua.

Tulikuwa Dar es Salaam, mimi na mume wangu, tumetoka kwetu Mpemba, jirani na Tunduma, kwa basi. Songwe ilikuwa haijawa mkoa, bado tukiitwa watu wa Mbeya. Ugonjwa wenyewe ulianza nikiwa mtoto huko Itaka: koo linauma, magoti yanavimba, bibi ananikanda kwa majani ya moto, napona narudi kuchuma kahawa. Kumbe magoti yalipona, moyo ukabaki na kovu. Nikakua, nikawa mwanamke wa kunyanyua debe la mchele bila kuomba msaada, halafu polepole nikaanza kushindwa. Wateja wangu wa ng'ambo ya mpaka waliniamkia kwa lugha yao, "Muli shani, mayo?" nami sina pumzi ya kuwajibu kwamba sijambo. Hospitali ya kwanza ikasema ni pumu. Ya pili ikasema ni moyo, mlango wake mmoja umejaa chokaa, haufunguki vizuri wala haufungi, na lazima ubadilishwe.

Mume wangu yeye hakununa hata kidogo. Alikuwa fundi wa malori, mwenye gereji kando ya barabara kuu tangu biashara ya nje ilipofunguliwa na malori yakaanza kupanga foleni kwenda mpakani. Gereji hiyo ilikuwa na desturi moja iliyomkimbizia wateja: kabla hajafunga kitu, alimwonyesha dereva mahali kitakapovujia. "Gasketi itashika, lakini kona hii iangalie." Madereva walichukia kusikia hivyo. Walikwenda kwa fundi wa jirani aliyewaambia waondoe shaka, kisha wakarudi kwa mume wangu wakivutwa kwa kamba.

"Huyu ndiye fundi," alininong'oneza pale hospitalini. "Anayekuambia uondoe shaka, mkimbie."

Kisha akamgeukia daktari. "Samahani, daktari. Hapo inapokaa, ile siti yake, mtaichuna hiyo chokaa?"

"Tutaichuna, lakini si yote. Tukizidisha, ukuta wa moyo utachanika."

"Kweli kabisa. Na saizi?"

"Tunapima. Ikiwa ndogo inavuja, ikiwa kubwa inachana."

"Basi pale penye uvimbe wa chokaa patabaki uwazi."

"Ndicho nilichokuwa namwambia mama."

Wakaelewana kama watu waliosoma darasa moja. Mimi nimelala hapo katikati kama lori lililofunguliwa boneti, hakuna anayeniuliza neno. Ikabidi nikohoe kuwakumbusha kwamba nipo.

Nilipasuliwa, nikaamka, na kifuani mwangu kukawa na mlio, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Nikapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, vya kumeza maisha yangu yote, na nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu waangalie kama pale pembeni pamevuja. Pakivuja kidogo, unaishi napo. Pakivuja sana unapasuliwa tena, na daktari hakunificha kwamba mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Niliogopa. Leo nalisema kirahisi, lakini wakati ule kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia mimi siogopi kitu.

Jumapili ya kwanza nyumbani, mume wangu akaja na bisibisi yake ndefu. Mafundi wa kwetu wote husikiliza injini hivyo: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Alikuwa ameiosha kwa sabuni na kuifunga kitambaa nchani. "Tulia," akasema, akaiweka kando ya kovu langu, akafumba macho. Wakati huohuo akaingia jirani yetu muuza vitenge, mama wa Kitanga, na bakuli la maandazi ya kunipa pole. Maandazi yakaishia sakafuni.

"Yarabi! Baba, unamfanyaje mwenzio?"

"Nasikiliza valvu."

"Mkeo si lori!"

Nilicheka mpaka kovu likauma. "Inasemaje?" nikamuuliza mume wangu.

"Safi," akajibu, akatoka kwenda kurudisha bisibisi gerejini.

Jioni ile ile akatoa amri. Injini iliyofanyiwa ovaholi haikimbizwi, huenda taratibu kwanza mpaka vyuma vizoeane; kila dereva analijua hilo. Kwa hiyo na mimi nisinyanyue ndoo, nisifagie, nisiende sokoni, na nisigombane na mtu. La mwisho lilikuwa uonevu mtupu. Karatasi ya hospitali iliandika nifanye mazoezi mepesi, na mume wangu akaamua kwamba kukaa kwenye kiti cha plastiki barazani ni mazoezi mepesi ya kutosha. Madereva waliopita kwenda gerejini walimuunga mkono. "Spidi sitini tu, mama, usizidishe!" Nikianza kuwajibu, mume wangu anapaza sauti kutoka chini ya lori: "Unachemsha, mama watoto!"

Nikakaa, maana na mimi nilikuwa na woga wangu. Mwezi wa tatu miguu ikavimba, viatu vikakataa. Kwenda chooni na kurudi, pumzi zimeniishia. Nikajua tayari, pamevuja. Nilimpigia simu dada yangu Itaka nikamwambia kitenge gani nizikwe nacho, akalia, nikamgombeza kwa kulia.

Siku ya kliniki daktari alizungusha mashine yake kifuani pangu kwa muda mrefu.

"Panavuja," akasema mwishowe. "Pale pale niliposema. Lakini ni kidogo, kama uzi."

"Ndiyo maana miguu imevimba?"

"Hapana. Uvujaji huu ni mdogo, hauwezi kufanya hivi." Akabonyeza mguu wangu, kidole kikaacha shimo. "Mama, kwa siku unatembea kiasi gani?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama feni.

"Hatembei," akasema. "Bado tunazoesha vyuma."

Daktari akaomba aelezwe, akaelezwa, akavua miwani akicheka. Kisha akatuambia kwa ukali kwamba mwili usiotumika hulegea, na miguu isiyotembea hujaa maji. Kuanzia siku hiyo nitembee kila siku, nikiongeza kidogo kidogo, na kila miezi sita nirudi apime kama ule uzi umenenepa.

Kwenye basi mimi nilikuwa na sherehe. Nilimtania njia nzima, fundi mzima umekaa unasubiri vyuma vya mkeo vizoeane. Tulipopita Makambako akasema, huku uso ameuelekeza dirishani, "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Jumapili ile. Baada ya tik kulikuwa na shii, ndogo. Nikajua panavuja."

Miezi mitatu alikuwa anajua. "Madereva wote wa barabara hii unawaambia," nikasema. "Mimi ukanificha?"

"Dereva nikimwambia, analeta lori nalifungua. Wewe ningekufungua na nini?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikaona bora usisogee."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, na hasira ikakataa kuja. Nilitazama nje mpaka Mbeya.

Tuliposhuka Mpemba akaita bodaboda, kama alivyofanya tuliporudi mara ya kwanza, ya kunipeleka nyumbani mwendo wa konokono. Nikamwambia kijana aende zake. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mlima mfupi. Nilipanda, nikasimama, nikapanda tena. Alikuwa nyuma yangu na begi, akisema pumzika, nami nikimwambia aniache.

Nilipofika nusu nikageuka. "Ule uzi ukinenepa, ukausikia kabla ya daktari, utaniambia?"

Malori matatu yakapita kule chini.

"Hapana," akasema.

Nilimpenda sana dakika ile; na mimi alikuwa amenionyesha mapema mahali atakapovujia. Nikamwambia anyanyue begi, linaburuza vumbi.