Darubini Yenye Ukungu

Kumpa mtu zawadi ya bunduki hapa kwetu Kainuu, kaskazini mwa Ufini, ni balaa tupu. Huwezi kuifunga kwenye karatasi ya maua ukaificha nyuma ya kabati. Polisi wanataka anayepewa aombe kibali mwenyewe, aulizwe maswali, ajibu, angoje. Kwa hiyo baba yangu, Kauko, alijua tangu Juni kwamba akitimiza miaka sabini na mitano sisi watoto tunampa bunduki mpya ya kuwindia, na tangu Juni hiyo hiyo alikuwa amenuna.

"Ya zamani ina ubaya gani?" aliniuliza.

"Nzito, baba. Na ukiipiga ina teke la punda begani."

"Kwani mimi nimelalamika?"

Kweli hakulalamika. Baba aliwahi kujikata kidole kwa msumeno, akamaliza kwanza kuni za wiki nzima ndipo akaomba kitambaa. Ni mtu wa kuchonga vipini vya shoka na kusema maneno kumi kwa siku, sita kati yake akimwambia mbwa. Lakini Oktoba ikifika, kikundi chetu kinapoingia msituni kuwinda hirvi, yule mnyama wa kimo cha farasi, baba huwa mtu mwingine. Hucheka. Huimba, jamani! Misimu arobaini na tisa hajakosa hata mmoja.

Ila msimu uliopita alimkosa hirvi aliyesimama hatua thelathini, ubavu wote nje. Wenzake walinyamaza, na kunyamaza kule kulimuuma kuliko kuzomewa. Mwaka huu ilikuwa zamu yetu, yeye na mimi, kufanya upya mtihani wa shabaha ambao kila mwindaji hurudia kila miaka mitatu: risasi nne, zote ndani ya duara. Ukikosa unaruhusiwa kujaribu tena, lakini baba alishatangaza mezani, "Nikikosa, basi. Nitakaa nyumbani na mama yenu." Mama akasema Mungu apishe mbali, maana anamjua.

Basi siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya mtihani, kibali kikiwa tayari mfukoni mwake, nikampeleka mjini Kajaani kwa Urpo, muuza bunduki aliyenijua tangu utoto. Nilikuwa nimeshamwonya kwa simu: nyepesi, isiyo na teke, na ole wako utamke neno "uzee".

Urpo akatoa ya kwanza. Baba akaiweka bega la kulia, akachungulia darubini ya kulengea. "Ina ukungu."

Urpo akaifuta, akampa ya pili.

"Hii nayo ina ukungu."

Ya tatu, ukungu. Ya nne, ukungu, tena kitako kirefu, tena rangi yake kama kabati la jikoni. Urpo alifuta vioo mpaka kitambaa kikapata moto. Mimi nilikuwa nimechemka. Nimeomba ruhusa kazini, nimeendesha gari kilomita mia, halafu mzee analeta za kuleta! Nikaichukua ile ya nne, nikachungulia mwenyewe. Safi kabisa. Niliona hata vumbi puani mwa dubu aliyekaushwa pale ukutani.

Hapo hasira zikaniisha zote. Jumatatu mama alikuwa amenipigia simu: baba yako ana alama ya bluu begani, kubwa kama kisahani, nimeiona tukiwa sauna, anadai amegonga mlango. Bega la kushoto, mama alisema, na mimi sikutilia maanani. Na kiangazi chote baba alikuwa akitoka na gari "kumtembeza mbwa" kule kwenye shimo la changarawe, ambako watu hujaribia bunduki, huku mbwa amebaki nyumbani amelala!

Jicho la kulia lilikuwa limekufa. Na mzee wa watu alikuwa anajifundisha upya, peke yake, kupiga kwa kushoto, tena kwa bunduki ya watu wa kulia.

Roho iliniuma. Lakini ningesema "baba, najua" mbele ya Urpo, angevaa kofia yake akaondoka. Nikasema, "Urpo, una ya mkono wa kushoto? Nataka yangu mimi."

"Wewe?"

Nikamkazia macho. Akaenda kuileta.

"Baba, hebu nishikie nione urefu wake."

Akaishika. Ikapanda yenyewe bega la kushoto, shavu likatulia, mkono ukakuta mpini wa kukoki pale pale ulipoutaka. Akachungulia muda mrefu.

"Hii haina ukungu," akasema polepole.

"Eti ee?"

"Raili," akaniita. "Jicho halirudi. Daktari alishasema."

"Najua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu dakika tano zilizopita."

Akaguna, kisha akamgeukia Urpo. "Andika jina langu. Huyu hata mswaki kwa kushoto hauwezi."

Jumamosi uwanjani kulikuwa na wanaume kama ishirini, wamezunguka moto, kila mmoja na soseji yake. Taisto, kiongozi wa kikundi chetu, alikuwa anajaza fomu. Akaitazama bunduki. "Kauko bwana, hii si ya kushoto?"

Hapo niliogopa. Baba angeweza kusingizia bega. Badala yake akapaza sauti mpaka kule kwenye moto: "Jicho la kulia limekufa. Mwenye la kusema aseme sasa hivi."

Soseji zilichuruzika mafuta tu.

"Kwa hiyo mwaka jana yule hirvi hukumwona?" Taisto akauliza.

"Nilimwona. Niliona wawili, nikapiga wa katikati."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, Taisto akajifuta machozi kwa fomu. Baba akajiweka sawa, akashusha pumzi, akapiga. Moja. Mbili. Tatu. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nne. Taisto akaenda kukagua, akainua vidole vinne, na wanaume wakapiga kelele kama vile wamepita wao.

Nililia, sifichi. Nililia kwa furaha, kamasi na machozi, na katikati ya kilio hicho wakaita jina langu. Nikapiga zangu nne huku nikivuta makamasi. Mbili zikaingia, mbili sijui ziliishia wapi, nikaambiwa nirudie wiki ijayo.

Baba alikuwa ananingoja kwenye moto, amenishikia soseji yenye haradali, uso umemchangamka kama Oktoba.

"Pole, mwanangu," akasema. "Jaribu kushoto."