Mwanamke Aliyekwenda Ziwani Badala Yangu

Nimebakiza meno manne, na kila Sabato niko kanisani. Nidanganye ili nipate nini? Haya yalinipata mimi mwenyewe, pale Ekerenyo, miaka michache baada ya Uhuru. Kama huamini ni sawa, lakini nisikilize.

Mume wangu alikuwa Mwalimu Nyabuto. Tulikuwa wake wawili. Mimi ndiye wa kwanza, niliyefanyiwa arusi kamili ya kimila nikavishwa ebitinge, zile pete za chuma za miguuni ambazo mke wa Kisii alizivaa mpaka siku ya kumzika mumewe. Kuzivua mume akiwa hai ilikuwa kusema ndoa imekwisha. Wa pili alikuwa Kemunto, binti wa Ombati wa Marani. Yeye alisoma hadi darasa la saba, alivaa viatu, na hakuvishwa pete yoyote.

Mwalimu alikuwa na rafiki Mjaluo waliyefundisha pamoja, Mwalimu Odhiambo, ambaye kwao ni ufuoni mwa ziwa, chini ya milima ya Gwassi. Odhiambo akaandika barua: njoo likizo ya Desemba ukae siku tisa, na uje na mama. Alisema kule ni kijani kitupu, milima inaleta mvua kila alasiri, kwa hiyo msisahau mwavuli, na nyumba mtakayolala iko hatua chache kutoka majini. Uje na mama. Mama yupi? Barua haikusema.

Mwalimu alisema ni mimi. Kila jioni alikuja kwangu na daftari tukapanga. Unga wa wimbi wa kuwapelekea wenyeji, mikungu miwili ya ndizi, blanketi zito. Basi hadi Kisii, lingine hadi Homa Bay, halafu lori la pamba. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hatukuwahi kwenda mahali pamoja isipokuwa matangani. Hata ziwa nilikuwa silijui.

Siku moja tukichuma pareto, Kemunto akaniambia, "Mama Moraa, huko wake za walimu wanavaa viatu. Wewe utaingia ukilia njilinjili kama mbuzi wa kengele?"

"Mbuzi ndiye aliyealikwa," nikamjibu.

Nilicheka, lakini ndani nilikuwa nawaka. Nilijiona nimesimama kati ya wanawake wale, Mwalimu akiniangalia miguu na kuona haya. Mwaka utakaofuata angemchukua nani? Kemunto, na viatu vyake.

Siku ya safari, basi lilikuwa la saa saba mchana. Asubuhi nikashuka kwenye chemchemi ya Mzee Ondieki kuoga. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Juu ya jiwe alikuwa ameketi mwanamke nisiyemjua, na mimi watu wa pale niliwajua wote, hata walioolewa mbali. Nikamuuliza ni binti wa nani. Akasema, "Mimi ni wa hapa chini." Na hapo chini hakuna nyumba, ni kijito tu na majani. Ningeondoka, sivyo? Lakini mtu mwenye wivu hutafuta sikio. Nikakaa nikamweleza yote, ya Kemunto na ya viatu.

Akanihurumia sana. Akasema, "Zivue tu. Nitakushikia. Ukirudi utazivaa, nani atajua?"

Niamini, sikubishana. Akanipaka sabuni akavuta, na pete za miaka kumi na miwili zikatoka kama zimepakwa samli. Nikainama kunawa uso. Nilipoinuka, zilikuwa miguuni mwake. Nikamtazama usoni, na uso ule ulikuwa wangu. Hata kovu langu la kwenye nyusi lilikuwepo. Hapo hapo mvua ya mawe ikamwagika, nikakimbilia chini ya mwamba. Kwangu mimi haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Lakini nilipopanda kilima, jua lilikuwa linazama.

Kemunto alikuwa mlangoni kwake akipepeta wimbi. Aliponiona, ungo ukamwanguka.

"Mama Moraa, si nimekubebea kikapu mpaka kwenye basi? Si umenipungia mkono?" Kisha akaona alama mbili nyeupe miguuni mwangu, akaelewa kabla yangu. Akauliza polepole, "Basi ni nani amekaa na mume wetu?"

Ningemfuata vipi? Njia niliijua kwenye daftari tu, na basi lingine lilikuwa kesho yake. Na nikifika, ningesema nini mbele ya wenyeji, kwamba mimi ndiye yule? Nikakaa siku tisa. Wivu nilidhani naujua. Wivu wa Kemunto ulikuwa mchezo, maana Kemunto nilikuwa na uwezo wa kumtukana. Huyu alikuwa amevaa gauni langu, anakula samaki wangu, anasikiliza mvua juu ya paa nililopangiwa mimi. Nimtukane nani?

Siku ya kumi Mwalimu akaingia uani peke yake, akashangaa kuniona. "Umefika mbio hivi? Ulisema unapitia chemchemini." Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Akamwambia Kemunto, "Huyu mama alicheka huko! Aliingia majini mvua ikinyesha, akatuimbia mpaka Odhiambo akaacha chakula."

Nikamuuliza pete zangu ziko wapi. "Si ulizitupa ziwani mwenyewe," akasema, "ukasema hatuzihitaji tena?"

Ningemwambia alilala siku tisa na kitu cha kijitoni? Kemunto naye hakumwambia, mpaka tukamzika Mwalimu. Tangu siku ile hatukugombana tena, sababu sote wawili tulikuwa tunamwonea wivu mtu mmoja.

Miaka mingi, mvua ya alasiri ikianza, Mwalimu alikuwa akisema, "Imba ule wa ziwani." Mimi nasema nimeusahau. Ananitazama, halafu anatazama njia ya kushuka kijitoni. Alipougua mara ya mwisho nilimshika mkono. Akasema, "Niitie yule wa ziwani."

"Ni mimi," nikamwambia.

Akanitazama muda mrefu, akautoa mkono wake polepole, bila hasira.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwa na safari na mtu wako, nenda ulivyo, wakucheke wakuchoke. Na ukikutana na mtu anayekuhurumia kabla hujamaliza kusema, na kwao hakutaji, beba mtungi wako upande kilima. Usikae naye. Mimi nilikaa, na mpaka leo ziwa lile sijaliona.