Buluu ya Kalunguta

Watu wa Beni walinicheka nilipofungua duka la sufu pale Mulekera. Mji wa jasho huu, waliniambia, nani atavaa sweta? Walisahau kwamba hata Beni hakuna mama anayemtoa mtoto mchanga wodini bila kofia ya kufumwa, soksi za kufumwa na shali, jua liwake lisiwake. Nikauza, tena vizuri. Baadaye usiku wa Beni ukawa haulaliki kwa risasi, nikafungasha nyuzi zangu kwenye magunia nikapanda nazo Butembo, kwenye baridi ya haki, ambako sufu haihitaji mtetezi. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi pia ni wa kuja, na mtu akitamka neno “wakimbizi” mbele ya meza yangu kwa mdomo uliopinda, ananisema mimi.

Sufu ninayoiuza haijawahi kumwona kondoo. Inatoka kiwandani, inapita Kampala na mpaka wa Kasindi, sisi tunaiita leni, na maneno yanaishia hapo. Wanawake wa hapa hawaanzi na bei. Wanageuza donge la uzi na kusoma namba ndogo iliyopigwa kwenye karatasi yake. Namba hiyo inakuambia madonge yapi yalitiwa rangi kwenye pipa moja. Buluu ya namba hii na buluu ya namba ile zinaweza kufanana kabisa dukani, lakini ukitoka nazo juani moja inabaki nzito na nyingine inavuta kwenye zambarau. Kwa hiyo mfumaji anayejijua hununua madonge ya sweta zima siku moja, yote ya namba moja.

Jambo jingine ni mikono. Sweta la mtoto wa shule, kwetu, mikono yake huanzia begani na kushuka, ili mtoto akirefuka ufungue vitanzi vya mwisho, uvirudishe sindanoni, uongeze kipande. Kiuno nacho ni hivyo hivyo. Likizo ya Pasaka inapofika, mvua zimekaza na vifundo vya mikono ya watoto vimetokeza nje, akina mama hujaa dukani kutafuta uzi wa kuongezea. Kwa upande wangu naipenda likizo hiyo kuliko Noeli.

Mwaka ninaousimulia, malori yalichomwa kwenye njia ya Kasindi, na mfanyabiashara aliyekuwa ananiletea buluu ya shule akaacha kusafiri. Nilibakiwa na gunia moja la namba ya zamani, nikaliweka kwa ajili ya Pasaka. Kisha akaja mwingine na buluu yake, namba mpya, nikaichukua yote kwa sababu haikuwepo nyingine. Majuma hayo hayo familia za Kalunguta, zikikimbia mapigano vijijini kwao, zilikuwa zinaingia Butembo na magodoro kichwani. Wanawake wao waligundua benchi la wafumaji lililoko dukani kwangu. Walifika na sindano walizozinoa wenyewe kutoka spoki za baiskeli, na wakafuma kwa spoki hizo masweta ambayo hata mimi nisingeyaonea haya.

Mmoja wao alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo na mikono ya jembe. Alikuwa analima vibarua kwenye mashamba ya watu nje ya mji. Alikuwa na binti wa darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa. Mwaka uliotangulia mtihani huo ulimpita binti akiwa njiani, wanakimbia. Mama yake hakuwa na habari nyingine ya kuzungumza. Nyumba ilibaki nyuma, mbuzi walibaki nyuma, lakini mtoto angefanya mtihani, na ili afanye mtihani ilibidi awe darasani, na ili awe darasani ilibidi awe na sweta la buluu. Akalifuma, kwa namba mpya, na lilimkaa vizuri.

Ndani ya duka langu hakuna jua la kutosha, hivyo hakuna aliyeona kitu. Waliona kwenye mstari wa asubuhi, uani mwa shule, watoto wa mjini wakiwa na buluu yao nzito na watoto wa Kalunguta wakiwa na ile inayovuta kwenye zambarau. Ungeweza kuwahesabu ukiwa barabarani. Kulikuwa na wazazi waliokuwa wamekwisha kunung'unika kwamba madarasa yamejaa, kwamba madawati hayatoshi, kwamba hawa wataondoka lini. Mkurugenzi wa shule akapata dawa ya haraka. Alimwagiza mlinzi wa getini kwamba asiye na buluu ya shule arudi kwao mpaka aipate. Haikupita wiki watu wakaipa rangi hiyo jina, buluu ya Kalunguta, na hawakulisema kwa wema. Binti wa darasa la sita alirudishwa pamoja na wenzake.

Nilikwenda kumwona mkurugenzi. Mimi ndiye niliyeuza ule uzi, na nilidhani nikimweleza habari ya mapipa na namba ataelewa, kwa sababu ni mtu aliyesoma na ofisi yake ina pazia nililolifuma mimi. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia yunifomu ni yunifomu. Nikamuuliza kama kweli mtoto wa mtihani anakaa nyumbani kwa ajili ya pipa la rangi. Ndipo akasema lililokuwa moyoni mwake.

“Mama, donc nikuambie ukweli. Ku barabara batu banachanganyika, sawa. Mais ku masomo, lazima tujue nani iko wa hapa na nani alikuya.”

Nilimwambia mimi pia nilikuja. Akacheka, akadhani namtania. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa nimeionja tangu niiache Mulekera, na sikuuzima moto huo njiani, niliutunza.

Nilipofika dukani nilishusha gunia la namba ya zamani. Nikamwita yule mama, nikamwambia shida imekwisha. Alete sweta tulifumue, uzi wake tuuweke kwa matumizi mengine, tufume jipya kwa buluu nzito, mimi upande mmoja na yeye upande mwingine, na kabla ya Jumapili mtoto atakuwa amepata. Nilikuwa nimeshika donge mkononi tayari. Aliliangalia bila kuligusa.

“Hapana, mama. Iyi trikoo miye sitaifumula. Niliifuma tukilala chini mu chapelle ya kanisa. Nikiifumula, mutoto atawaza kama iko na kosa. Mutoto wangu hana kosa.”

Nilikasirika naye pia, na nilimwambia. Nilimwambia mtihani hausubiri heshima, kwamba kwanza mtoto aingie, hayo mengine tutayasema akiwa ndani. Akanijibu, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba leo watabadilisha sweta, kesho wataambiwa lafudhi, keshokutwa jina. Alisema kule walikotoka waliwahi kujificha vichakani, na hakuja Butembo kujificha ndani ya sweta. Akaaga kwa heshima zote na kwenda zake.

Niliketi na gunia lile miguuni. Wateja waliingia, nikawajibu nusu nusu. Kichwani nilikuwa narudia maneno yake, na kila nilipoyarudia niliona kwamba ana haki, na kwamba mimi nilikuwa nataka kuwafanya watoto wale wafanane na watoto wa mjini. Mbona isiwe kinyume chake? Pasaka ilikuwa inakaribia. Nikafunga mdomo wa gunia kwa kamba, nikalipeleka nyumbani, nikalisukuma chini ya kitanda. Kwenye rafu za duka langu ikabaki buluu moja tu.

Likizo ilipoanza walikuja, na masweta mikononi, mikono ya sweta imefunguliwa tayari na vitanzi vikining'inia kwenye kipande cha uzi mweupe visitoke. Waligeuza madonge. Walisoma namba. Wakaniuliza ile ya zamani iko wapi, nikawaambia haiuzwi. Sikusema imekwisha, kwa sababu haikuwa imekwisha, na mimi uongo wa dukani sipendi. Nilisema haiuzwi. Ukitaka kuongeza mikono, ndiyo hii, buluu ya Kalunguta, na niliitaja kwa jina hilo hilo, kwa sauti.

Nilitukanwa kidogo. Wengine walitoka wakazunguka mji mzima, na wakakuta maduka mengine hayana buluu ya aina yoyote, kwa sababu njia ya Kasindi ilikuwa imetufunga sote. Wakarudi wamenuna. Lakini wapo walioelewa kabla sijafungua kinywa. Bibi mmoja anayelea wajukuu alinitazama, akalitazama donge, akatikisa kichwa akicheka pole pole, akaniomba nimpatie ya kuongezea mikono, kiuno na kola, wakati wajukuu wake kola zao zilikuwa nzima. Nilimpenda sana siku hiyo.

Mkurugenzi alisikia. Alinitumia ujumbe kwa mwalimu kwamba, nikiendelea na vurugu, shule itaacha kabisa sufu yangu na kuagiza masweta ya mashine. Shule ile ilikuwa karibu nusu ya riziki yangu, na sitajidai kwamba sikuogopa. Niliogopa, nikalala vibaya. Asubuhi nikamrudishia mwalimu jibu kwamba masweta hayo nayo yatapita njia ile ile ya Kasindi, na kwamba nitamwombea dereva.

Muda wote huo binti alikuwa anashinda dukani kwangu. Mama yake alimleta kila alipokwenda shambani, ili asisahau hesabu. Alifanya sehemu na desimali kwa chaki nyuma ya mlango wangu, akifuta kwa mkono wa sweta lile lile lililokataliwa, na mimi niliyefikia darasa la nne nilikuwa namwambia ni sawa hata pale nisipojua.

Kabla likizo haijaisha, mke wa mkurugenzi aliingia. Ni mteja wangu wa siku nyingi, mfumaji mzuri, mkono wake haukazi wala haulegei. Alishika sweta la mwanawe wa kiume. Aliuliza namba ya zamani, nikampa jibu nililowapa wote. Aliondoka bila kuaga. Ijumaa alirudi, kwa sababu mtoto alikuwa amerefuka na mvua haikuwa na habari na mumewe. Alichukua madonge aliyohitaji, akayaweka kwenye kikapu chini ya mboga, akalipa, akatoka.

Jumatatu ya kufungua shule sikufungua duka. Nilikwenda na yule mama na binti yake mpaka getini. Binti alivaa sweta lake, lile lile, limefuliwa. Kulikuwa na ukungu, kisha jua likatoka, na likatoka vizuri. Watoto walianza kufika kutoka kila upande wa mji. Mwili wa sweta buluu nzito, mikono kuanzia kiwiko buluu ya Kalunguta. Kiuno buluu ya Kalunguta. Wajukuu wa yule bibi walifika na kola zao.

Mlinzi alikuwa amesimama na agizo lake. Alinyoosha mkono, akakamata mkono wa sweta la kwanza lililompita karibu, akaugeuza kwenye mwanga. Kisha akainua macho akaona ni mtoto wa nani. Alikuwa mtoto wa mkurugenzi. Akauachia ule mkono taratibu, akakunja mikono yake nyuma ya mgongo, akageuka kumtafuta mkurugenzi, ambaye alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ofisi na ameona yote.

“Directeur,” aliita, “nitoshe nani, nirudishe nani kwabo?”

Mkurugenzi alitazama mstari, akatazama mwanawe, kisha akaingia ofisini na kuvuta pazia.

Yule mama aliweka kiganja mgongoni mwa binti yake na kumsukuma kidogo. Binti alipita getini mbele ya mlinzi, kichwa kiko juu, hatua za kawaida. Halafu kengele ya kuingia darasani ikalia, na hakugeuka hata kutuangalia, kwa sababu alikuwa amekosa masomo mengi, na alikuwa anakimbia.